Likizo ya Kiangazi Korea Si Fadhila ya Mwajiri

Mvua za jangma zikianza kunyesha mwishoni mwa Juni, walimu wageni nchini Korea Kusini huulizana wataenda wapi: ufukwe wa Haeundae kule Busan, tamasha la matope la Boryeong, au kwenye vijito vya milimani ambako Wakorea hukaa wakijipoza miguu majini na kula tikiti maji. Lakini shule zikifunga, hagwon hazifungi. Hivi ni vituo vya tuisheni, na ndivyo vinavyoajiri walimu wengi wa kigeni. Kiangazi huongeza vipindi vya asubuhi viitwavyo teukgang, na mwalimu aliyezoea kuingia saa nane mchana hujikuta darasani tangu saa tatu asubuhi. Hapo ndipo swali la likizo linapokuwa swali la sheria.

Kabla ya hayo, neno kwa msomaji anayetamani kwenda. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Mzaliwa wa Mombasa mwenye pasipoti ya Kanada anaweza kuiomba. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hapewi, hata awe na shahada ya Kiingereza na uzoefu wa miaka kumi. Naona hilo halina haki, lakini ndivyo lilivyo. Wakala akikutoza ada na kukwambia uingie kwa viza ya utalii, mengine yatanyooshwa ukishafika, mkimbie. Ukikamatwa, atakayerudishwa nyumbani ni wewe.

Sasa likizo. Sheria ya Viwango vya Kazi ya Korea inamlinda mfanyakazi bila kujali uraia wake, na inakataza kumbagua kwa sababu ni mgeni. Mahali penye wafanyakazi watano au zaidi, mwaka wa kwanza unapata siku moja ya likizo yenye malipo kwa kila mwezi uliofanya kazi kamili, hadi siku 11. Ukimaliza mwaka na mahudhurio yasiyopungua asilimia 80, unapata siku 15. Aliyezoea siku 28 za Tanzania au 21 za Kenya ataona ni chache, na kwa sababu ni chache asikubali hata moja ipotee.

Jambo ambalo walimu wengi hawaambiwi ni kwamba tarehe huchagua mfanyakazi. Mwajiri anaweza kuisogeza pale tu ambapo kuondoka kwako siku hizo kutaathiri vibaya shughuli zake. Badala yake, hagwon nyingi hufunga siku chache mwishoni mwa Julai au mwanzoni mwa Agosti, kisha mkurugenzi hutangaza kwamba hiyo ndiyo likizo ya kila mtu. Sheria inaruhusu siku za likizo zipangwe hivyo iwapo tu kuna makubaliano ya maandishi kati ya mwajiri na mwakilishi wa wafanyakazi. Uliza kwa adabu: makubaliano hayo yako wapi, na nani aliyatia saini kwa niaba yetu? Omba likizo yako kwa maandishi pia. Hata ujumbe wa KakaoTalk unatosha, ilimradi uuhifadhi. Siku ambazo hukuzitumia zinalipwa kwa fedha, isipokuwa mwajiri awe amefuata hatua za kisheria za kukuhimiza kwa maandishi uzitumie.

Kuhusu teukgang: kazi inayozidi saa 8 kwa siku au 40 kwa wiki inalipwa pamoja na nyongeza ya asilimia 50, hapo pia penye wafanyakazi watano au zaidi. Usihesabu vipindi tu. Muda unaolazimika kukaa kituoni ukisubiri darasa chini ya amri ya mwajiri nao ni muda wa kazi.

Angalia pia hati yako ya mshahara. Ukiona kodi imekatwa asilimia 3.3, na hakuna makato ya pensheni wala bima ya afya, basi umeandikwa kama mfanyabiashara binafsi, si mfanyakazi mwenye haki hizi. Usikate tamaa. Afisa kazi haangalii jina la mkataba, anaangalia uhalisia: nani anapanga ratiba, nani anachagua vitabu, unaweza kukataa darasa au huwezi. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua hivyo katika kesi ya walimu wa hagwon.

Mtego unaonitia hofu zaidi ni kambi za Kiingereza za kiangazi. Rafiki anakwambia kuna kambi ya wiki mbili na malipo mazuri, au mkurugenzi mwenyewe anakutuma ukasaidie tawi jingine. Viza ya E-2 imefungwa kwenye mahali pa kazi palipoandikishwa. Mahali pa nyongeza lazima papitishwe na uhamiaji, na kumfundisha mtoto wa jirani nyumbani kwa malipo hakuruhusiwi kabisa. Piga 1345, namba ya uhamiaji yenye huduma ya Kiingereza, kabla ya kukubali.

Mwajiri akitaka kukuwekea pasipoti ili usitoroke, kataa. Kuishikilia kama dhamana ya kazi au deni ni kosa chini ya sheria ya uhamiaji. Tena unaihitaji wewe: mgeni mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anatakiwa kutembea na pasipoti au kadi yake ya ukaaji, hata akienda ufukweni na kaptula. Huko ufukweni, mtu akimpiga mwingine picha ya siri yenye kumdhalilisha kijinsia, adhabu inafika kifungo cha miaka 7 au faini ya won milioni 50. Ikikupata, piga 112, namba ya polisi, papo hapo. Na ukikodi skuta ya umeme, lazima uwe na leseni, na kiwango cha pombe kinachokutia hatiani ni asilimia 0.03 tu kwenye damu.

Ukiwa na hasira na mwajiri, usimwandike mtandaoni kwa jina. Korea kuna kosa la kashfa hata kwa maneno ya kweli. Peleka lalamiko ofisi ya kazi, ambako hulipi chochote. Namba ya ushauri ni 1350. Madai ya mshahara yana ukomo wa miaka 3. Kupinga kuachishwa kazi kuna miezi 3 tu, nako kunawahusu walio mahali penye wafanyakazi watano au zaidi.

Mkataba ukiisha baada ya mwaka mzima, unadai kiinua mgongo cha mshahara wa siku 30 kwa kila mwaka, hata penye wafanyakazi wawili. Tanzania ni siku 7, tena ukiachishwa na mwajiri. Korea unalipwa hata ukiacha mwenyewe, ndani ya siku 14. Kwa hiyo ukisukumwa utoke mwezi wa kumi na moja wa mkataba, usitie saini barua ya kujiuzulu. Na kama wewe ni raia wa Marekani au Kanada, pitia ofisi ya mfuko wa pensheni ukiwa na tiketi yako ya ndege kabla ya kuondoka, uombe kurudishiwa michango yako.