Ndege ya Kuunganisha Mwenyewe: Yakupasayo Kabla ya Kulipa na Kabla ya Kuruka

Mkazi wa Shinyanga au Geita anaweza kuagiza vipande vya ndege ndogo kutoka nje ya nchi na kuviunganisha mwenyewe. Hata vikishafungwa vyote, chombo hicho bado hakijaruhusiwa kuruka. Tunamshauri mtumiaji azingatie yafuatayo.

1. Kibali. Kabla ya kulipa, wasiliana na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Ulizia masharti ya ukaguzi wakati wa ujenzi, usajili wa alama ya 5H na kibali cha kuruka. Sehemu ikishafunikwa haikaguliki bila kubomolewa. Hivyo piga picha kila hatua na utunze risiti.

2. Uzito. Ndege iliyokamilika hupimwa kwa mizani chini ya kila gurudumu. Rangi, redio na viti huongeza uzito na kuhamisha kitovu chake. Kitovu kikisogea nyuma mno, rubani anaweza kushindwa kuidhibiti ndege.

3. Mwinuko. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Kwa kawaida injini itoayo nguvu za farasi 100 pwani hutoa takriban 90 hapa. Joto la mchana huzipunguza zaidi. Kwa hiyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Mtake muuzaji akupe kwa maandishi hesabu za mwinuko huu.

Ukiuziwa ndege ambayo ujenzi wake uliachwa katikati, dai kumbukumbu za mjenzi wa kwanza. Zisipokuwapo, usilipe.