Vipande vya bomba usivitie moto

Kabla hujawasha rundo la takataka shambani, chambua kwanza vipande vya bomba. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 1, 2019 haikugusa mabomba, kwa hiyo hapa mkaguzi ni wewe mwenyewe.

Mbaya zaidi motoni ni PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini; ikiungua hutoa asidi inayowasha macho na koo, na pia dioksini. Sumu hiyo hutua kwenye nyasi, ng'ombe akala, ikajificha kwenye mafuta ya maziwa. Wafugaji wa Rungwe wana sababu ya kujali.

Huna hakika ni bomba gani? Usiamini rangi. Kata kipande chembamba, kitie kwenye ndoo ya maji, ukizamishe kwa kidole hadi mapovu yatoke, kisha kiachie. PVC itabaki chini, poli (bomba la polietilini) itaibuka. Poli ikusanye safi umpelekee mnunuzi wa plastiki chakavu, lakini muulize kwanza kama anaichukua. Usimchanganyie na PVC, kwa sababu kidogo tu huharibu kundi zima likiyeyushwa.

Kama ndiyo kwanza unanunua, kwa maji ya mtiririko kwenye miteremko ya Kilolo mimi ningechukua poli nyeusi ya roli. Inajipinda kufuata ardhi, viungo ni vichache, haihitaji gundi, na baridi ya Mufindi haiipasui kirahisi kama PVC. Bei isikudanganye: bomba linalopasuka mapema utalinunua mara mbili, na taka zake ni mara mbili.

PVC iliyokwisha kufukiwa na haivuji, iache. Ardhini inadumu miongo. Kuifukua ili uweke nyingine ni kutengeneza taka bure. Inayoharibika upesi ni ile iliyoachwa juani, hukauka na kuwa kama kigae. Kwa hiyo PVC ifukie kwa kina ambacho jembe halifiki.

Fundi akikata PVC kwa msumeno, tandika gunia chini. Unga ule mweupe ukiachwa, mvua huusomba hadi mtoni. Wa Iringa mjini huingia Ruaha Mdogo na kuelekea Mtera. Mikato mifupi ya PVC weka stoo: mingine itakuwa viungio, mingine vigingi vya kitalu cha parachichi.