Kabla Hujanunua Chesisi: Vidokezo kwa Anayetaka Kuunda Gari Lake Singida

Kuna watu ambao wakiona gari hawaoni usafiri. Wanaona nati, bolti na kazi ya kufanya Jumamosi nzima. Kama wewe ni mmoja wao, na uko Singida mjini, Manyoni, Kiomboi au Ikungi, basi tukae tuzungumze.

Uingereza wenye hamu kama yako hununua gari likiwa vipande vipande ndani ya maboksi, wakaliunganisha wenyewe nyumbani. Lotus Seven, kigari cha wazi kilichotoka mwaka 1957, kiliipa desturi hiyo nguvu: aliyekinunua kwa vipande aliepuka kodi iliyotozwa kwenye gari zima. Mwaka 1973 VAT ikaingia na unafuu ule ukaisha, lakini watu hawakuacha. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham ilichukua gari hilo, na hadi leo inaliuza kwa vipande. Kwa hiyo wengi hawakuwa wanakimbia kodi tu. Walipenda kazi yenyewe. Singida hatuna duka la namna hiyo, ila kazi ya kutosha tunayo.

1. Jiulize: unataka gari, au unataka kazi?
Kama shida yako ni kufika ofisini saa moja na nusu na kurudisha watoto kutoka shule, nunua gari linalotembea, uendelee na maisha yako. Gari la kuunda mwenyewe halina tarehe ya kumalizika. Litakaa juu ya mawe miezi kadhaa ukisubiri beringi moja kutoka Dar es Salaam. Anayefurahia kuisafisha giaboksi wakati anasubiri, hata kama gari haliendi popote, huyo aendelee kusoma.

2. Maboksi ya Ulaya yaache hukohuko.
Usafiri wa meli, ushuru, VAT, kisha safari ya takriban kilomita 700 kutoka bandarini hadi Singida: hapo hujafunga hata bolti moja. Halafu vigari hivyo vimelala chini mno. Tuta la kwanza tu litakukwangua tumbo, na barabara ya vumbi ya kijijini usiiwazie kabisa.

3. Land Rover kuukuu ndiyo inayokufaa.
Nasema hivi bila kusita. Land Rover 109 iliundwa kwa namna inayomsaidia fundi wa nyumbani. Chesisi yake ni ya chuma, imesimama peke yake. Bodi yake karibu yote ni vipande vya alumini vilivyofungwa kwa bolti, kwa hiyo bawa la mbele unaweza kulitoa kwa spana bila kuita mtu wa kukata. Springi ni za majani, breki ni za dramu pande zote nne, na injini ya lita 2.25, iwe ya petroli au ya dizeli, haina kompyuta ya kukuzungusha. Unaweza kulivua gari lote likabaki chesisi tupu, ukalijenga upya kipande kwa kipande. Kwangu mimi huko ni kuunda gari, hata kama lilishawahi kuundwa na mtu mwingine zamani.

Faida nyingine ni kwamba magari haya hapa nchini yanajulikana. Yalibeba madaktari, mapadri, wachungaji na mabwana shamba, na mafundi wenye umri mkubwa walijifunzia kazi humo. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia, wakiwa na magari ya kila umri. Ukikwama, wa kumuuliza hakosekani, na spea nazo zinapatikana kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, ukiwa na subira ya kuchambua.

4. Kadi kwanza, chesisi baadaye.
Hapa ndipo ndoto nyingi huzikwa. Kadi ya gari inabeba namba ya chesisi na namba ya injini. Namba iliyo kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma lazima ziwe moja. Muuzaji akikwambia “kadi ipo kwa shemeji, italetwa,” muage kwa heshima uondoke. Bei ya chini ya gari lisilo na kadi ni bei ya skrepa, na ukilijenga kwa miaka mitatu litabaki skrepa lenye rangi nzuri.

Kabla ya kulipa, nenda TRA uhakikishe jina la mmiliki, na umiliki uhamishiwe kwako mapema, kabla gari halijawa na thamani ya kugombewa. Kama unakusudia kuweka injini ya aina nyingine, na wengi hufunga za Toyota kwa sababu ya spea, waulize TRA na askari wa usalama barabarani utaratibu wa kuandikisha mabadiliko hayo kabla injini ya zamani haijashushwa. Tunza risiti ya injini unayonunua, maana siku ya ukaguzi utaulizwa imetoka wapi.

Mwenye wazo la kuchomelea chesisi yake mwenyewe kuanzia sifuri ajue kwamba ukaguzi na usajili utakuwa mgumu zaidi kuliko kuchomelea kwenyewe. Gari la kuchezea shambani kwako ni sawa. La barabarani linahitaji usajili na bima kama gari lolote.

5. Nenda na nyundo ndogo.
Macho yanadanganywa na rangi. Lala chini ya gari ukiwa na nyundo nyepesi na tochi, gonga chesisi taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilicholiwa kinatoa mlio mzito uliokufa, na pengine vumbi jekundu litakudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Gonga zaidi pale springi zinaposhikwa na ile boriti ya mwisho kabisa nyuma, maana maji na tope hukaa huko. Kisha inua mkeka wa dereva. Ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni wa chuma, si wa alumini, na ndio unaoanza kuoza.

Hapa Singida tuna bahati. Ukame wetu unatunza chuma. Ukipewa uchaguzi kati ya Land Rover iliyozeekea Itigi na iliyozeekea Tanga karibu na chumvi ya bahari, ya Itigi ndiyo ya kuanza nayo, hata kama bodi yake imebonyea kila upande.

6. Chagua kazi zako, nyingine wape wenyewe.
Kufungua, kusafisha, kupanga, kubadilisha bushi, kurudishia bodi, hata wayaringi ukiwa mtulivu: hizo zako. Kuchomelea chesisi na kuchonga silinda mpe anayezifanya kazi hizo kila siku. Breki na usukani unaweza kuvifunga mwenyewe, ila fundi mzoefu avikague kabla gurudumu halijazunguka. Ukitaka kujifunza hasa, ulizia VETA kuhusu kozi fupi za ufundi magari au uchomeleaji. SIDO nao wana watu wanaojua mafundi wa kuchonga vyuma walipo.

Na piga picha kila hatua kwa simu. Bolti za kila sehemu zifunge kwenye mfuko wake na uandike jina. Ukizimwaga zote kwenye ndoo moja utazilaani baada ya mwaka.

7. Fedha nazo zina msimu.
Wengi wetu hapa mfuko unanona alizeti zikivunwa. Tumia wakati huo kununua vitu vikubwa: matairi, ringi na pistoni, vifaa vya breki. Miezi mikavu ya mfukoni iwe ya kusafisha na kupanga. Magari mengi yanayokufa juu ya mawe yamenunuliwa redio, viti vya ngozi na taa za urembo kabla hayajapata breki. Anza na kinachosimamisha gari, kifuate kinacholiendesha, urembo uje mwisho.

Nyumbani waambie kiasi halisi. Mwenzio akijua mapema kwamba hela ya gari haitagusa ada ya shule, atakuletea chai uani. Asipojua, hilo gari litakuwa ugomvi wa kila jioni.

8. Upepo wa Singida si wa mzaha.
Usipulize rangi nje. Vumbi litaganda juu yake na utapiga msasa upya. Tafuta banda lenye kuta, mwagia sakafu maji, na pulizia asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka.

9. Usijilinganishe na kiwanda.
Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Nyayo Pioneer tano za majaribio zilitoka, uzalishaji mkubwa haukufuata. Makerere walitoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, mwaka 2011. Kwetu Shirika la Nyumbu pale Kibaha liliunda lori lake, na mwaka 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alionyesha gari la umeme Dar es Salaam. Wote hao walionyesha kwamba gari la kwanza linawezekana. Ugumu uko kwenye gari la elfu moja, na wewe huhitaji la elfu moja. Hiyo ndiyo raha ya kufanya kwa kupenda.

10. Chini ya gari usilale juu ya bahati.
Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Weka stendi za chuma au magogo mazito yaliyokaa sawa. Tofali za saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Tangi la mafuta usilichomelee hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unalipuka. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Linaweza kuwa na asbesto, ambayo ni sumu ya mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute na kitambaa, kisha ukitupe.

11. Breki zipimwe kwa hatua.
Kuzunguka mjini hakukwambii mengi. Gari likishasajiliwa, likakatiwa bima na kukaguliwa, nenda mwendo mdogo na ushike dramu moja moja kuona ipi imepata moto kuliko wenzake. Mteremko wa Sekenke kuelekea Igunga usubiri mpaka zote nne zishike sawasawa. Hata siku hiyo, shuka na gia ndogo.

12. Jumamosi hii, usinunue kitu.
Tafuta fundi mzee anayefungua giaboksi, mwombe ukae naye kutwa umshikie spana na kuosha vyuma. Mlipe soda na muda wake. Jioni, mikono ikiwa myeusi na mgongo unauma, ukijikuta unamuuliza kesho anafungua nini, anza kutafuta gari lenye kadi.