Jina na Hukumu: Maoni ya Umma Kuhusu Upasuaji wa Miamba na Mzigo wa Mtafsiri wa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi jina la jambo linavyoweza kuitangulia hukumu ya umma juu ya jambo lenyewe. Mfano uliochaguliwa ni njia ya kuchimba mafuta na gesi ambayo kwa Kiingereza huitwa "fracking". Kisima huchimbwa wima hadi kina kirefu, kisha aghalabu hupindishwa na kuendelea kwa ulalo ndani ya mwamba tope, yaani mwamba uliotokana na tope lililogandamana kwa mamilioni ya miaka. Maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali husukumwa humo kwa shinikizo kubwa mpaka mwamba ufanye nyufa. Mchanga huzizuia nyufa zisifumbe, na gesi iliyonaswa hupata njia. Njia hii si ngeni, kwani ilianza kutumiwa kibiashara nchini Marekani mwaka 1949. Kilicho kigeni ni mabishano ya umma juu yake, ambayo ni ya karne hii.

Neno Linapotangulia

Neno "fracking" ni ufupisho wa wahandisi. Lilipotoka visimani na kuingia barabarani, wapinzani walitambua kwamba lina mwangwi wa tusi la Kiingereza, wakalibeba kwenye mabango yao. Wachimbaji nao walijitahidi kuliepuka, baadhi yao wakishikilia tahajia isiyo na "k". Mtu anaweza kuyaona haya kama michezo ya maneno tu. Hata hivyo, Clarke na wenzake (2015) waliwahoji Wamarekani, baadhi kwa neno "fracking" na wengine kwa maelezo yenye maana ya uendelezaji wa mafuta au gesi ya mwamba tope. Waliosomewa maelezo hayo waliunga mkono zaidi kuliko waliosomewa neno lile.

Tofauti hii inaeleweka zaidi ikikumbukwa kwamba wengi hawana msimamo. Katika kura za maoni ambazo serikali ya Uingereza ilizifanya kwa miaka kadhaa kuanzia 2013, karibu nusu ya waliohojiwa hawakuunga mkono wala kupinga. Mtu wa aina hiyo akiulizwa ghafla hana pa kushika ila neno aliloulizwa nalo.

Lakini neno halitawali kila mahali. Mjini Denton, Texas, visima vilichimbwa karibu na nyumba za watu. Wakazi walikijua kitu hiki kwa kelele zake na kwa malori yake. Novemba 2014, takriban asilimia 59 ya wapiga kura waliunga mkono kukipiga marufuku ndani ya mji. (Ushindi huo haukudumu: mwaka 2015 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia miji kuweka marufuku ya namna hiyo, na Denton ikaifuta yake.) Si rahisi kudhani kwamba jina jingine lingewageuza watu wale. Inaelekea basi kuwa nguvu ya jina hukua kadiri kitu kinavyokuwa mbali na macho ya anayeulizwa.

Mtafsiri wa Kiswahili

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili kitu hiki kiko mbali sana, na hapo ndipo mzigo wa mtafsiri unapokuwa mzito. Akiandika "upasuaji wa miamba", anaazima neno ambalo msomaji amelizoea hospitalini, la daktari aliyenawa mikono na kisu kilichochemshwa. Akiandika "utiaji nyufa ardhini", hakuna Mswahili atakayelisikia asikumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. La kwanza linatuliza na la pili linatisha, ilhali yote mawili yanaeleza tendo lilelile. Hata makala haya, katika anwani yake, yamekwisha kuchagua upande.

Hali ni hiyo hiyo katika habari za athari. Tarehe 26 Agosti 2019 ardhi ilitikisika karibu na kisima cha Preston New Road, Lancashire, kwa kipimo cha 2.9, na Novemba mwaka huo serikali ya Uingereza ikasimamisha shughuli hiyo. Je, lile lilikuwa "tetemeko la ardhi" au "mtikisiko"? Anayechagua la kwanza huwaletea wasomaji picha ya majumba yaliyoporomoka, na anayechagua la pili huenda akaificha hofu ya kweli ya wakazi.

Aidha, unyambuaji wa vitenzi una hila zake. "Kampuni hupasua miamba" humtaja mtenda. "Miamba hupasuliwa" humwondoa, ingawa msomaji bado anajua kwamba yupo. "Miamba hupasuka" humfuta kabisa, kana kwamba mwamba umejiamulia.

Katiba ya Kenya ya 2010 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Hojaji ya madini, mafuta au gesi itakayotafsiriwa kwa ajili ya ushiriki huo haifai kuachiwa mtu mmoja usiku wa kuamkia mkutano. Ingefaa itungwe kwa matini mbili zinazotofautiana katika istilahi, nusu ya wahojiwa wapewe moja na nusu nyingine, kisha matini zote mbili zichapishwe pamoja na matokeo. Pengo litakaloonekana kati ya nusu hizo mbili ndilo litakalowaonyesha wasomaji ni kiasi gani cha jibu kilitoka kwa mwananchi na ni kiasi gani kilitoka kwa mtafsiri.