Dhana Potofu Kuhusu Maisha na Usemi wa Pwani ya Kusini: Mfano wa Sudi

Mwalimu mwanafunzi anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika pwani ya Lindi huwa amekwisha kuambiwa mengi juu ya watu wa huko kabla hajakanyaga mchanga wao. Ameyasikia bwenini, sokoni na ndani ya basi: kwamba ni wavivu, kwamba Kiswahili chao kimeharibika, au kinyume chake, kwamba Kiswahili wamezaliwa nacho na hakuna la kuwafundisha, kwamba shule wameipa kisogo. Katika makala haya tunakusudia kuzichambua dhana hizo kwa kuchukua mfano wa Sudi, mji mkongwe ulio kwenye ghuba kati ya Lindi na Mikindani. Hatufanyi hivyo ili kuwatetea wenyeji, ambao hawajatuomba utetezi. Tunafanya hivyo kwa sababu mwalimu huandaa somo kwa ajili ya mtoto anayemdhania, na akimdhania sivyo, andalio lote la somo huenda upande.

Tuanze na usemi, maana hapo ndipo mtoto huumizwa mapema zaidi. Kiswahili sanifu tunachokifundisha kilijengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi huo ulifikiwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi ya usanifishaji mwaka 1930. Ulikuwa uamuzi wenye manufaa, lakini haukuzigeuza lahaja nyingine kuwa makosa. Pwani ya kutoka Kilwa kwenda kusini ilikuwa na usemi wake, ambao wataalamu huuita Kimgao, na watu wake walikuwa wakiandika. Habari za kale za Sudi zimo miongoni mwa habari za miji ya pwani zilizochapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotolewa kitabuni mwaka 1957, ni kazi ya Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Basi mwalimu asiende huko akidhani anapeleka lugha mahali pasipokuwa na lugha.

Zaidi ya hayo, si kila mtoto aliye darasani huko amelelewa kwa Kiswahili peke yake. Nyumbani huweza kusikia Kimakonde, Kimwera, Kimachinga au Kiyao. Kimakonde na Kiyao hazina sauti r, zina l. Mtoto anayeandika *balua* badala ya *barua* hajakosa akili wala hajafanya uzembe: ameandika kwa uaminifu kile ambacho sikio lake limezoea kukipambanua. Kimakonde hurefusha irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto akiuhamisha urefu huo katika Kiswahili, wageni husema kwamba “anaimba”. Tena tazama neno *mtu*. Kimwera na Kiyao husema *mundu*, Kimakonde *munu*. Mtoto wa darasa la kwanza akiteleza akasema mundu, mwalimu ambaye kwake mundu ni chombo cha kukatia nyasi huangua kicheko, na darasa zima likamfuata. Kicheko hicho kimewanyamazisha watoto wengi kuliko fimbo.

Njia tunayoipendekeza ni ya sikio kwanza, kalamu baadaye. Mwalimu achague jozi za maneno zinazotofautiana kwa sauti moja tu: *kula* na *kura*, *mahali* na *mahari*, *fahali* na *fahari*. Ayatamke akiwa ameufunika mdomo kwa daftari, na wanafunzi wainue mkono wa kulia wasikiapo r, wa kushoto wasikiapo l. Zoezi hili lidumu dakika tano tu, lakini lirudiwe kila siku kwa majuma kadhaa. Sikio likishapambanua, ndipo watamke. Wakishatamka, ndipo waandike. Kumpa mtoto adhabu ya kuandika *barua* mara hamsini kabla sikio lake halijafunguka ni kuupoteza wino.

Dhana ya kinyume, kwamba mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa Kiswahili, haina madhara machache. Mwalimu mwenye dhana hiyo huruka msamiati na insha, kisha hushangaa mtihani unapomwangusha mtoto aliye fundi wa vitendawili. Kuisema lugha barazani ni stadi moja, na kuiandika kwa sanifu ni stadi nyingine.

Sasa tuje kwenye uvivu. Mgeni hupita saa tatu asubuhi, akawaona wanaume wamelala chini ya mwembe, na hukumu yake ikawa tayari. Hakuwapo usiku wa kiza walipokuwa baharini na taa wakivua dagaa. (Na hao wanaoitwa wavivu ndio, kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, walioipa nchi nzima neno *machinga*, kutokana na Wamachinga wa mkoa wa Lindi, uvivu gani huo unaotembeza bidhaa juani kutwa?)

Jambo la bahari lamhusu mwalimu zaidi ya anavyodhani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, ndiyo bamvua. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa sana takriban kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, yaani katikati ya vipindi. Ndipo kina mama hushuka mwambani kutafuta pweza na kombe, na watoto huwafuata, maana hiyo ndiyo mboga na ndiyo fedha ya daftari. Mwalimu asiyejua hayo huandika “mtoro”. Anayejua huliweka daftari la mahudhurio sambamba na kalenda ya mwezi, na huenda akagundua kwamba utoro una majira. Mada mpya ya hesabu ataifundisha siku za maji mafu, na za bamvua ataziachia marudio. Hata maji yenyewe ni zana: hupwa kwa kuchelewa takriban dakika hamsini kila siku, na darasa la tatu laweza kuyapima na kujifunza kujumlisha saa.

Kuhusu wazazi, tutaje jambo moja tu. Wamwera, Wamakonde na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, ingawa Uislamu umeleta taratibu nyingine pembeni mwa hizo. Mwalimu akisema “Nenda ukamlete baba yako”, kisha akaja mjomba, asimrudishe kwa kudhani kuwa ukoo umeidharau shule. Huenda aliyekuja ndiye mwenye neno. Aamkiwe kwa shikamoo kama anavyostahili, apewe kiti, na aonyeshwe daftari la mtoto kabla ya kuelezwa kosa lake.

Lipo na suala la chuo cha Kurani. Mtoto anayeanza kuandika kutoka kulia mwa ukurasa hajapotea. Amekwisha kujifunza hati nyingine. Mwalimu amwombe aandike jina lake kwa hati hiyo ubaoni, kisha wenzake waliandike chini yake kwa herufi za Kilatini.