Mpira wa Kitandani na Usingizi wa Mtoto
Mawaidha kwa Wazazi na Walezi wa Shirimatunda

Tangu masika yaanzapo mwezi Machi hata yaishapo Mei, na baada yake, kipupwe cha Juni na Julai kinapoyashusha mawingu ya mlima mpaka karibu na mabati ya nyumba zetu, jua la Moshi huadimika, na mama wa Shirimatunda ambaye mwanawe hukojoa kitandani hujikuta akifua kila alfajiri nguo asizojua ataanika wapi. Shuka na kanga zitakauka, ijapokuwa kwa kuning'inizwa jikoni. Bali godoro la sponji, likisha kunywa mkojo, halikauki upesi, kwa kuwa sponji hushika maji katika vijitundu vyake vya ndani, likaonekana kavu kwa juu ilhali ukilibana kwa ngumi latoa unyevu na harufu. Unyevu huo ukidumu huzaa kuvu, na kuvu ni adui wa mtoto mwenye pumu.

Kijitabu hiki kimetungwa kwa ajili ya mzazi huyo, na kwa ajili ya bibi, shangazi na dada wa kazi, ambao aghalabu ndio wanaomlaza mtoto na ndio wanaomkuta amelowa. Kabla ya kuzungumzia vitambaa na bei, yafaa ifahamike kwamba kukojoa usingizini si ukaidi wala uvivu. Katika kila watoto 100 wenye umri wa miaka 5, takriban 15 hukojoa kitandani, wavulana wakiwazidi wasichana. Na kila mwaka upitao, katika kila 100 wa hao waliobaki na tatizo hili, karibu 15 huachana nalo wenyewe bila ya dawa. Jambo hili huandama ukoo, hata baba anayefoka asubuhi mbele ya shuka iliyolowa, lau angemwuliza mama yake mzazi, yamkini angesikia habari zake mwenyewe. Mtoto hupata kibofu chenye kuhimili usiku kucha kwa wakati wake, nasi wajibu wetu ni kumtunzia usingizi na staha mpaka wakati huo ufike.

Twasema haya mapema kwa sababu tumeona ya kuwa watu wengi wanunuapo mpira wa kitandani, yaani tandiko lisilopenyeza maji, hununua kwa ajili ya godoro, si kwa ajili ya mtoto. Hutafuta kile kilicho kinene na rahisi, wakakitandika, godoro likasalimika, na mtoto akalala juu ya kitu chenye joto, chenye kuteleza na kupiga kelele, mpaka usiku wa manane akakivuta na kukitupa chini ya uvungu. Mpira uliotupwa uvunguni haulindi chochote.

Wazee wa vihambani walilaza watoto juu ya ngozi ya ng'ombe na majani makavu ya migomba, na majani yaliyolowa hayakumsumbua mtu, maana yalitupwa zizini yakawa mbolea. Sponji haina wepesi huo, ndipo ikatulazimu kuikinga. Hila yenyewe ni ya zamani: mwaka 1823 mkemia wa Glasgow, Charles Macintosh, alipata hataza ya kitambaa chenye utomvu wa mpira uliobanwa baina ya nguo mbili, na matandiko ya leo yangali yakifuata mkondo huo, ijapokuwa vitu vinavyotumika vimebadilika.

Katika maduka ya Moshi mtu hukutana na namna tatu. Ya kwanza ni nailoni ikatwayo kwa mita, ambayo ni rahisi, lakini hulia chakachaka kila mtoto ajigeuzapo, ikawatangazia ndugu zake wa chumba kimoja kile ambacho angependa kisijulikane. Tena haipitishi mvuke, mtoto akaamka amelowa jasho hata usiku ambao hakukojoa. Ya pili ni mpira mzito uuzwao katika maduka ya dawa, ule ambao kina mama huchukua waendapo kujifungua: ni imara, huoshwa kwa kupanguswa, na kwa nyumba nyingi ndio upatikanao, kasoro yake ni joto, na tiba ya joto lake ni nguo nzito ya pamba juu yake, taulo kuukuu au kanga iliyokunjwa mara mbili, wala si shuka nyepesi peke yake. Ya tatu ni kitambaa laini mfano wa taulo, ambacho chini yake kimepakwa utando mwembamba usiopenyeza maji lakini upitishao mvuke wa jasho. Hiki ndicho tukipendacho. Bei yake hupita ya zile mbili, ila katika mitumba ya soko la Memorial mwenye subira huweza kukipata kwa nafuu, mradi akikague kwanza mbele ya mwanga, kwa sababu utando uliochakaa hubanduka vipande vyeupe na hauna faida tena.

Ubora wa kitambaa hicho hujaribiwa papo hapo, na muuzaji mwungwana hatakataa. Weka karatasi kavu mezani, tandika kitambaa juu yake, mimina kijiko kimoja cha maji, kisha ukandamize kwa kiganja kwa uzito wa mwili wako huku ukihesabu mpaka hamsini. Kwa maana kitambaa kiwezacho kuzuia tone lililotua juu yake huenda kikashindwa na maji yanayosukumwa na nyonga ya mtoto aliyelala. Karatasi ikibaki kavu, omba kikombe cha chai ya moto, ukifunike kwa kitambaa hicho, uinamishe bilauri baridi juu yake na kungoja kidogo. Bilauri ikifanya ukungu, mvuke wapita, na mtoto hatachemka. Ikibaki safi, ujue umeuziwa nailoni iliyovishwa taulo. Mwisho kikunje karibu na sikio na usikilize.

Kuhusu kipimo, si lazima kufunika godoro zima. Kipande kilazwacho kwa upana, kuanzia kifuani mwa mtoto hata magotini, chatosha, sharti kipate kuchomekwa chini ya godoro kiasi cha shibiri moja kila upande. Na kwa godoro la futi tatu kwa sita hiyo ni karibu mita moja u nusu. Atakaye kifunike lote na amwendee fundi cherehani amtilie lastiki pembeni, lakini amhadharishe mishono isipite juu, maana kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Fauka ya hayo, tandika mara mbili: mpira na shuka, kisha mpira wa pili na shuka ya pili juu yake. Mtoto akilowa saa nane ya usiku, tabaka la juu latolewa, naye akarejea kulala pasipo taa kubwa wala maneno, na chandarua kikachomekwa upya kabla mbu hajapata nafasi.

Mtoto mchanga ana sheria yake. Asiyetimiza mwaka mmoja alazwe chali juu ya godoro gumu, pasipo mto, na mpira wake ubanwe barabara pande zote chini ya shuka. Nailoni iliyolegea ni hatari ya mauti, kwani huweza kumfunika pua na mdomo naye hana nguvu ya kuiondoa.

Katika kufua, anza kwa maji baridi, kisha sabuni ya kipande, na siki kidogo kwa harufu iliyokomaa. Usikamue kwa kusokota, usipige pasi, na usitumie dawa ya klorini ambayo wengi huiita jiki: huuharibu utando, na ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu kwa mapafu ya anayefua. Anika kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali hukakamaza mpira ukapasuka.

Wengine huwanyima watoto maji mchana kutwa, nasi hatuoni hekima yake. Anywe ya kutosha mchana, ila chai na kahawa ziepukwe jioni, na aende msalani kabla ya kulala. Chunguza pia choo chake, maana choo kigumu hubana kibofu. Aliyepita miaka 7 na apelekwe kwa ushauri katika kituo cha afya. Ama mtoto aliyekwisha kukauka miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, au mwenye kiu isiyokatika na kukonda, au mwenye homa na maumivu akojoapo, huyo asingojewe. Damu katika mkojo wa mtoto achezaye katika mifereji ya mashamba ya mpunga uwandani huenda ikawa kichocho; na mwenye selimundu hukojoa sana usiku kwa sababu figo zake haziwezi kuhifadhi maji, basi asilaumiwe hata kidogo.

Limebaki la shule za bweni, ambazo mkoa wetu unazo nyingi. Mtoto wa namna hii aombewe kitanda cha chini cha dabo deka, apate kushuka upesi usiku. Mama azungumze na matroni faraghani kabla ya siku ya kuripoti, si mlangoni mwa bweni mbele ya wenzake, na wakubaliane mahali ambapo mpira utaanikwa pasipo kupita uwanjani. Katika tranka iwekwe mipira miwili, kila mmoja umeshonewa juu yake, kwa mishono ya pembeni tu, kitambaa cha rangi ile ile ya shuka za shule, nayo iwe imelaliwa nyumbani majuma machache, mtoto aizoee na ajue kuitandika kwa mikono yake.