Maoni ya wanafunzi yananitisha, nithibitishe chuo kipi?

Shangazi, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB na nimechaguliwa kusoma Shahada ya Uuguzi katika vyuo viwili. Zimebaki siku chache kuthibitisha kimoja. Baba anataka cha Dar es Salaam kwa sababu kina jina. Lakini mtandaoni wanafunzi wake wanalalamika kwamba sapu (mitihani ya marudio) ni nyingi, na kwamba wodini wanaenda mara chache. Cha mkoani wanasema hosteli ni mbovu, maji ya shida na sheria kali, ila wengine wanakisifu mno. Nimwamini nani?
Niliyekwama, Singida

Hongera mwanangu. Umefanya vema kuuliza kabla ya kuthibitisha. Mwamini kila mwanafunzi kwa kile alichokiona kwa macho yake, na usivuke hapo.

Anayesema bomba la hosteli halitoi maji amelala pale. Huna sababu ya kumbishia. Anayesema tu kwamba chuo hakifai bado hajakuambia kitu. Fikiria pia ni nani anayepata nguvu ya kuandika: aliyekamatwa na sapu tatu ana uchungu na simu iko mkononi, aliyefaulu ameshaendelea na mambo yake. Kwa hiyo sapu peke yake isikutishe. Anatomia na fiziolojia ni masomo mazito, na wengi wanaotoka sekondari hujikwaa hapo. Tazama mlalamikaji ni wa kozi gani na mwaka gani. Mwanafunzi wa uhasibu wa 2018 hawezi kukueleza maabara utakayoingia wewe. Na zile sifa za "chuo bora, karibuni wote", zinazomiminika msimu wa udahili bila kutaja somo wala hospitali, zipite.

Hilo la wodini ndilo lililonishtua. Kutafuta mshipa, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kutambua kwamba hali ya mtu imebadilika usiku: haya hayajifunzwi kwenye daftari. Kama wanaolisema ni wa miaka tofauti na wanatoa maelezo yanayofanana, hizo si hasira za mtu mmoja. Katika kila chuo tafuta mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa tatu; shuleni kwenu hakosekani dada au kaka aliyekutangulia. Usimuulize kama anakipenda chuo. Muulize wanapelekwa hospitali gani, wiki ngapi kwa muhula, wanafunzi wangapi humzunguka mgonjwa mmoja, na kama msimamizi huwa yupo. Muulize pia waliomaliza wamefanyaje kwenye mtihani wa leseni.

Yapo mambo ambayo hata mwanafunzi mkweli hayajui. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na huwezi kunusa jambo la namna hiyo kwa kusoma habari za hosteli. Fungua Mwongozo wa Udahili wa TCU, uhakikishe kozi yako imo kwa jina lake kamili katika vyuo vyote viwili. Kisha piga simu Baraza la Uuguzi na Ukunga, uulize kama wanaitambua shahada hiyo kutoka chuo hicho.

Majibu yakithibitisha malalamiko ya wodini, mimi ningekwenda mkoani. Ndoo ya maji utainunua, na sheria kali utazizoea; mazoezi ya wodini usiyoyapata chuoni atakuja kuyalipia mgonjwa.

Baba naye asikie. Usimwambie umesoma mtandaoni, ataona unafuata maneno ya watu. Mkalishe, mpigie yule mwanafunzi wa mwaka wa tatu, weka sauti ya nje, na umwachie aulize mwenyewe. Mzazi anayetaka chuo chenye jina anataka mwanawe apate kazi, na hapo mko pamoja.

Thibitisha mwenyewe kwenye akaunti yako, siku moja au mbili kabla ya mwisho, kwa kuwa mtandao huelemewa. Namba ya uthibitisho utakayotumiwa kwenye simu usimpe mtu, hata anayejitolea kukusaidia stesheneri.